Mama amebakiza wiki tano Ujerumani, na paa la Lindi linavuja

BARUA

Somo yangu, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku. Nimetoka zamu ya jioni, mama amelala chumbani, mimi niko jikoni na usingizi hauji. Nina miaka 34, kwetu ni Lindi, na huu ni mwaka wangu wa sita Ujerumani. Nilikuja kusomea uuguzi wa wazee, nikahitimu, na sasa nimeajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye mji mdogo wa Saksonia. Sijaolewa, sina mtoto. Baba alifariki mwaka 2019, na mama anaishi nyumbani kwake Lindi pamoja na kaka yangu mkubwa, mkewe na watoto wao watatu.

Mwaka huu nilifanikiwa kumleta mama kwa viza ya siku 90. Alifika mwishoni mwa Agosti. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, lakini ni mzima. Somo, nilijiona nimefanya jambo kubwa. Kumbe nimemhamisha mama kutoka baraza yenye watu nikamweka kwenye chumba chenye dirisha moja. Mimi naingia kazini zamu sita mfululizo, nikirudi nakuta amepika, amefua, amekunja hata soksi zangu. Anawajua majirani kwa mbwa wao, maana anawaona kutoka juu. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi dukani na vifurushi, akasimama kupumzika, akatazama barabara tupu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi mwanangu, Ujerumani ndiyo hii tu?"

Neno hilo halijanitoka. Nikaamua nimpeleke Berlin, siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, wikendi ya mwisho ya Oktoba.

Kuna sababu nyingine. Kazini tuna mzee mmoja wa miaka 91, alikuwa mwalimu. Siku nilipomwambia natoka Lindi alikaa wima kitandani akasema, "Tendaguru!", jina la ule mlima wa kwetu. Akaniomba nimshushie kitabu kutoka kabatini, akanionyesha picha ya mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Nilitetemeka, kwa sababu nyumbani tumekua na hadithi hiyo. Babu yake mama, mzaa baba yake, alikuwa mmoja wa vijana waliobeba mifupa ya mnyama mkubwa kutoka mlimani hadi bandarini Lindi wakati wa Mjerumani. Mama anasema alikuwa na kovu begani, na watoto wakimuuliza anasema, "Hapa alikaa yule mnyama." Mama hajawahi kujua ile mizigo ilikwenda wapi. Mpaka leo sijamwambia.

Nimeweka akiba tangu Januari, hela za nyongeza za zamu za usiku, ndani ya bahasha. Zimefika yuro 470. Treni ya watu wawili kwenda na kurudi yuro 64, tiketi za bei ya chini zisizorudishwa. Hoteli usiku mbili yuro 220, hii naweza kuighairi bure mpaka Jumatano ya wiki hiyo. Zilizobaki ni za kula na kuzunguka.

Sasa tatizo. Siku nne baada ya kulipia treni, kaka alinipigia. Paa la nyumba ya mama linavuja, mvua zinakuja, anaomba milioni moja na laki sita. Nilimjibu, "Kaka, sina hela." Nilisema hivyo bahasha ikiwa mezani mbele yangu. Ukweli, mwaka jana nilituma laki nane za paa hilo hilo. Alinunua bati, kisha akasema kenchi zimeliwa na mchwa na lazima zibadilishwe kwanza. Bati zimelala uani hadi leo. Sijui kama ni kweli, na sijauliza kwa sababu ni mkubwa wangu.

Ninaogopa, Somo. Picha moja tu ikiingia kwenye kundi la familia nitaambiwa nakula raha Ulaya huku mama ana ndoo chumbani. Na mama mwenyewe simwambii chochote kuhusu Berlin, kwa sababu ninamjua, atasema "peleka kwa kaka yako." Juzi alinichoma zaidi. Tunakunywa chai, akasema, "Kaka yako kaniambia umekwama. Usihangaike mwanangu, nikirudi nitauza korosho zangu." Nilikwenda bafuni nikafungua maji nikalia.

Wazee ninaowahudumia wanakwenda mahali na watoto wao Jumapili, wanarudi na picha. Mimi nawavalisha makoti tu. Nilitaka na mama yangu avalishwe koti apelekwe mahali. Je, nighairi nitume hela, au niende? Nikienda, nitaishije na lile neno nililomwambia kaka?

Binti wa Lindi, Saksonia

JIBU LA SOMO

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu na kwa huo usiku wa jikoni.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni barua ya safari, mara ya pili nikaona ni ya paa, na mara ya tatu nikaona ni ya yale maneno mawili, "sina hela." Ngoja nikurudishie nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Una mama aliyekuja mara moja, pengine asirudi tena kwa magoti yale, na ana wiki tano. Una hela ulizozitoa usingizini mwako kwa miezi kadhaa. Una kaka ambaye mvua inamjia na ambaye umemwambia jambo lisilo kweli. Na katikati ya wote yuko mama, mwenye paa na mwenye safari, ambaye hajaulizwa lolote.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kwanza. Umeandika, "ninamjua, atasema peleka kwa kaka yako." Huenda. Akina mama wa rika lake wamefundishwa kukataa kitu mara ya kwanza, hata kikombe cha chai. Lakini mama huyohuyo alisimama barabarani na vifurushi akakuuliza kama Ujerumani ndiyo hii tu. Mwanangu, kwa mama wa Lindi, swali lile ni ombi. Amelivika adabu ili usijisikie vibaya ukilikataa. Wewe umelisikia, ukalifanyia kazi, kisha ukamfungia mlango wa kulijibu. Simjui mama yako kama unavyomjua wewe, ila nauliza tu: una hakika atakataa, au unaogopa akikubali utabaki peke yako na kaka?

Tena kuhusu paa, yeye ana mpango wake tayari. Amekutajia korosho, ukasikia uchungu, ukakimbilia bafuni. Mimi nilisikia mtu mzima anayejua mali yake. Msimu wenyewe ndio huu. Wanaouza kwa stakabadhi ghalani, yaani korosho zinawekwa ghalani kwanza, wanasubiri mnada, na fedha huja baada ya mnada, kwa hiyo inawezekana mvua ikawahi kuliko malipo. Sikwambii kwamba korosho zinamaliza tatizo. Nakwambia kuna mwenye nyumba, naye yuko hapo chumba cha pili. Umejiuliza usiku kucha kama kweli mchwa wamekula kenchi. Muulize anayelala chini ya hizo kenchi. Huhitaji kumshitaki kaka. Ni kumuuliza mama tu, mkikatakata mboga: lile paa limefikia wapi, fundi alisema nini?

Sasa kaka. Wengi wenu mlioko nje mmezoea kusema "sina" mkimaanisha "ninayo ila ina kazi yake." Naelewa lilikotoka: ukisema ninayo, utaulizwa kazi gani hiyo inayozidi ya ndugu zako, na huna nguvu za kujieleza baada ya kugeuza wagonjwa usiku mzima. Lakini neno hili lina ubaya wake. Kila ukisema "sina" halafu baada ya mwezi ukatuma, mwenzako anajifunza kwamba "sina" yako ina mlango wa nyuma, basi ataendelea kugonga. Na siku ukikosa kweli hatakuamini. Kaka yako simtetei wala simlaumu. Huyo ndiye anayepanga ndoo usiku, na huenda naye anaona aibu kumwomba mdogo wake wa kike. Au huenda laki nane zilikwenda kusikostahili. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Kuna jambo jingine limenigusa, usikasirike nikilisema. Katika barua yako safari hii ni ya mama, ni ya babu, ni ya kovu begani. Yako wewe iko wapi? Sentensi moja tu, ile ya makoti. Miaka sita hujanitajia hata mapumziko ya siku mbili. Ninahisi umeibebesha safari hadithi ya Tendaguru ili isiitwe raha. Ingekuwa hakuna mifupa, ni wewe na mama na mto na keki na hoteli yenye mashuka yaliyofuliwa na mtu mwingine, ungethubutu kulipa? Sina jibu la kukupa. Ila ukilijua lako, utajua pia utamwambia kaka nini.

Tuzitazame njia zenyewe. Kwenda kimyakimya, bila picha, bila neno, ndiyo ninayoiogopa zaidi kwako. Wewe utanyamaza; mama je? Akishuka Lindi watu watakuja kumpa pole ya safari, na swali la kwanza litakuwa ameona nini. Utamwambia mama wa miaka 68 afiche kwamba alimwona mnyama aliyembebesha babu yake? Hiyo ni kumtwisha mzigo mwingine. Na akisema, kaka atapiga hesabu za tarehe mwenyewe.

Kughairi nako si bure kama kunavyoonekana. Yuro 64 za treni zimeshakwenda. Zinabaki 406, na ukizibadilisha utapata zaidi kidogo ya milioni moja na laki moja. Kaka ameomba milioni moja na laki sita. Pengo la zaidi ya laki nne litabaki, na kama kenchi ndizo tatizo, bati mpya zitakwenda kulala uani na wenzake. Kwa upande mwingine, mvua haingoji hesabu zetu, na laki kumi na moja mikononi mwa fundi mwaminifu zinaweza kuokoa angalau chumba cha mama. Nimewaona waliochagua hivyo wakalala vizuri. Nimewaona pia waliochagua hivyo wakaja kumnunia ndugu yao miaka kumi, bila yeye kujua kosa lake.

Unaweza pia kuipunguza: uache hoteli, mwende siku moja mrudi. Lakini tiketi zako ni za bei ya chini, na hizo kwa kawaida hufungwa na treni iliyoandikwa, kwa hiyo kurudi siku hiyohiyo kunataka tiketi nyingine. Na magoti ya mama hayataipenda siku ya kuamka alfajiri na kurudi usiku.

Au umpigie kaka kabla ya kuondoka. Useme ukweli wote pamoja na lile neno: nilikwambia sina, nilikuwa nazo, nimezipanga kumtembeza mama kabla hajarudi. Kisha umwambie unachoweza na lini, kwa mfano sehemu kutoka mshahara wa Novemba, ilipwe dukani kwa mbao za kenchi moja kwa moja. Hatari ipo. Anaweza kukata simu. Anaweza kuona kulipa dukani ni kumwita mwizi, hasa akiwa ni mkubwa na hana kosa. Wengine huliepuka hilo kwa kumwacha mama aseme, "mimi nataka fundi anipigie bei mwenyewe," kwa kuwa nyumba ni yake na neno lake halimvunjii mtu heshima. Utajua wewe kama kwenu linafaa.

Na sasa Berlin yenyewe, kwa sababu usiamue juu ya safari usiyoiona. Nimeufikia mji ule, mara ya pili nikiwa na shangazi yangu mwenye magoti kama ya mama yako, na nilijifunza kwamba siku tatu na mtu mzima ni mambo mawili kwa siku, basi. Asubuhi moja, alasiri moja, katikati ni kukaa.

Jumba la mifupa linaitwa Museum für Naturkunde, liko Invalidenstraße, na treni ya chini ya ardhi ya U6 ina kituo chenye jina la jumba hilohilo. Jumatatu hufungwa, kwa hiyo wikendi yenu iko salama. Mama hatahitaji kutembea kumtafuta, maana yumo kwenye ukumbi wa kwanza baada ya kuingia. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, zaidi ya twiga wawili waliopandana, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani iliyo mirefu kwenda juu kuliko hiyo. Uchimbaji wa Tendaguru ulikuwa kati ya 1909 na 1913, wakiongozwa na Wajerumani kama Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini mikono ilikuwa ya watu wa kwenu, mamia yao, na mifupa yote ilitembea kwa miguu ya wapagazi hadi Lindi, kisha ikapakiwa melini. Ilisimamishwa pale mwaka 1937. Babu wa mama yako alikuwa kijana wakati ule. Hadithi yenu inaingia kwenye miaka hiyo bila taabu.

Hapa nataka uende taratibu. Usimwingize mama mlangoni kwa mshtuko ukitegemea machozi ya furaha. Mwambie kabla, nyumbani, akiwa amekaa. Kwake huyo si mnyama wa picha, ni kovu la mtu aliyempakata. Anaweza kufurahi. Anaweza kukasirika kwamba mzigo wa babu uko mbali kiasi hiki, na watoto wa kizungu wanapiga nao picha huku wajukuu wa waliobeba wanaomba viza. Kule nyumbani watu wamebishana miaka mingi kama mifupa irudi au ibaki, na mama ana haki ya kuwa na lake. Anaweza pia kutazama dakika tano akasema amechoka, anataka chai. Yote hayo ni ziara njema. Mwache akae kwenye benchi bila wewe kumwuliza unajisikiaje.

Akiwa bado na nguvu, panda U6 ileile kuelekea kaskazini hadi kituo cha Afrikanische Straße. Huko, kwenye eneo la Berlin liitwalo Wedding, kuna mtaa mzima wenye majina ya Afrika: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Palikuwa na barabara yenye jina la Peters, yule Carl Peters aliyesainisha mikataba bara kwetu miaka ya 1880. Agosti 2024 ilibadilishwa, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke mpigania uhuru wa Namibia, kingine Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya nyumba za watu tu, hakuna cha kulipia. Mimi nilisimama chini ya kibao kile na shangazi, akakisoma kwa sauti, akakisoma tena. Lakini ni mwendo, na Oktoba kuna baridi. Kama magoti yamekataa, acheni.

Kwa siku ya furaha tupu kuna basi namba 100, basi la kawaida la tiketi ya kawaida. Linatoka kituo cha Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, likipita bustani ya Tiergarten, jengo la bunge na lango la Brandenburg. Mkipata kiti cha mbele ghorofa ya juu, mama ataona nusu ya mji amekaa. Kuba la kioo la bunge la Reichstag ni bure, ila lazima uandikishe mapema kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na mkaguliwe pasipoti mlangoni; ukitaka, andikisha wiki hii. Lifti inawafikisha juu ya paa, na kama mama hataki kupanda njia ya mzunguko ndani ya kuba, kutoka pale paani tu mji unaonekana. Kuna pia boti za mto Spree za muda wa saa moja hivi. Mtu aliyezaliwa karibu na bahari akiketi kwenye chombo, hata kiwe cha maji matamu, uso unabadilika.

Chakula msihangaike. Maeneo ya Kreuzberg na Neukölln yamejaa Waturuki na Waarabu, na barabara ya Sonnenallee utapata wali, kuku na mkate wa moto, halali, kwa bei ya kawaida. Mkifika mchana wa Ijumaa, soko la Maybachufer linakuwa wazi kando ya mfereji, na mama anayejua kuchagua nyanya atajiona yuko nyumbani. Kama angependa kuswali msikitini, upo wa Şehitlik, Columbiadamm, wenye minara miwili. Maduka Jumapili yanafungwa, nunueni maji na matunda Jumamosi. Usiku wa kuamkia Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na jua litazama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi ya nje yafanyeni mapema na mchunge saa ya treni. Pasipoti ya mama yenye viza iwe mkobani mwako muda wote. Na soksi nzito, mwanangu, hata kama atakuambia hahitaji.

Narudi kwako. Una mpaka Jumatano ya wiki ile kuhusu hoteli, kwa hiyo hukimbizwi. Ungeanza na yupi, mama au kaka, mimi siwezi kukuchagulia. Ukianza na kaka, utamfikia mama ukiwa mwepesi, ila akikutukana unaweza kupoteza moyo wa kumwambia mama lolote. Ukianza na mama, huenda akakuzuia, au huenda akachukua simu akaongea na mwanawe mwenyewe, jambo ambalo nyinyi wawili hamkulifikiria. Na huenda akasema, "Twende Berlin, nikirudi nauza korosho, na wewe Novemba utaongeza." Au akasema hapana, na akamaanisha. Hapo utakuwa umekataliwa na mama mwenyewe, na haitakuwa tena hofu yako inayomkatalia.

Jambo moja nakuomba, uende usiende. Katika wale mamia wa Tendaguru, jina la Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji, limebaki kwenye maandishi. Wapagazi wengi hawakuandikwa. Umenisimulia kovu la babu, bega lake, na maneno aliyowaambia watoto, lakini jina lake hukuliandika. Mama analo. Muulize kesho kwenye chai, kabla ya Berlin na kabla ya bati, kisha uniandikie.

Somo wako